Ndege ikitua KIA, mgeni wa mwisho anatoka saa ngapi? Tuzungumze uigaji wa kompyuta na foleni za viwanjani

#1 HesabuZaMeru (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Shemeji yangu anaendesha gari la watalii hapa Arusha, na swali lake ndilo lililozaa uzi huu. Jioni moja tuko kwake Usa River tunakunywa chai, simu ikaita. Kesho yake ana familia mbili za kupokea, kila moja na ndege yake, gari ni lile lile moja. Akanigeukia: "Shem, wewe ndiye mtu wa kompyuta. Ndege ya kwanza ikitua saa 1:30 jioni na ya pili saa 1:55, hawa wa pili nitawaona saa ngapi?" Nikamjibu labda baada ya saa moja. Akatikisa kichwa. "Hiyo labda ndiyo inayonikesha maegesho kila wiki."

Sikulala vizuri. Kesho yake nikaenda naye.

Kwa asiyepafahamu, KIA, yaani uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro, iko wilaya ya Hai, katikati ya Arusha na Moshi. Ilifunguliwa 1971, na njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 3,600 hivi, ndiyo maana ndege kubwa za kutoka Ulaya na Ghuba zinatua pale bila wasiwasi. Nikasimama na madereva wenye vibao vya majina, daftari mkononi, saa ya simu ikitembea. Kila anayetoka mlangoni nampigia mstari na kuandika dakika.

Nilichojifunza usiku ule ni kwamba watu hawatoki kama maji ya bomba. Walitangulia wachache wenye vibegi vya mgongoni tu. Mlango ukatulia, nikadhani wameisha. Mara wakamiminika wapanda mlima, kila mmoja anaburuta begi refu la turubai, mabuti yamening'inia nje. Mlango ukatulia tena. Kisha mkupuo mwingine. Shemeji akanieleza bila hata kugeuka: "Tela la mizigo limefika." Mizigo inashushwa kwa matela, tela likifika mkanda unajaa, na wenye mabegi ya tela hilo wanatoka pamoja. Kabla ya mkanda wamepita uhamiaji: mwenye viza ya mtandaoni anamalizwa upesi, anayelipia viza pale pale anasubiri zaidi (Mmarekani dola 100, wengi wengine dola 50), risiti, picha, alama za vidole.

Mnyororo huo wote unaweza kuandikwa kwenye kompyuta. Kila abiria anakuwa mtu wake: ana dakika aliyoshuka, aina ya viza, idadi ya mabegi. Anafika kaunta, kama ipo wazi anahudumiwa, kama haipo anapanga foleni. Kompyuta inaruka kutoka tukio hadi tukio, huyu amefika, yule amemaliza, tela limeingia, na jioni nzima inaisha ndani ya sekunde chache. Halafu unaiendesha upya mara elfu moja, kila mara bahati ikibadilika kidogo. Huo ndio uigaji, wengine huita simulesheni. Viwanja vikubwa duniani havivunji ukuta kabla ya kufanya hivi, na naamini sisi wa kanda hii tunapaswa kuijua kazi hii kwa mikono yetu wenyewe.

#2 MtuWaSakina

Mkuu, nimekusoma, lakini mbona mnazunguka? Foleni ikiwa ndefu ongeza kaunta. Jengo likijaa panua jengo. Hilo linahitaji kompyuta gani?

#3 HesabuZaMeru

Kaka, swali lako ndilo hasa linalofanya fedha nyingi zimwagwe mahali pasipo tatizo. Chukua kalamu tuhesabu pamoja. Namba hizi ni za mfano, si za uwanja wowote.

Ndege ya kwanza imeleta watu 240. Kaunta 6, kila mtu sekunde 90. Kaunta sita zinatoa watu 4 kwa dakika, kwa hiyo wa mwisho anamalizwa dakika ya 60. Sasa dakika ya 25 ndege ya pili inaingiza watu 160. Wakati huo waliokwisha pita ni 100, wamebaki 140. Jumla ukumbini 300. Wa mwisho wa ndege ya pili atasubiri dakika 75. Mtu yuleyule, ndege yake ingekuja baada ya ya kwanza kuisha, angesubiri dakika 40. Jengo halijabadilika hata tofali moja, kilichobadilika ni ratiba.

Fanya unavyosema, weka kaunta ya saba. Wa mwisho anashuka kutoka dakika 75 hadi 61 hivi. Vizuri. Lakini acha kaunta sita zilezile, punguza sekunde 15 tu kwa kila abiria, yaani 75 badala ya 90. Anashuka hadi dakika 58! Sekunde kumi na tano zimeshinda kaunta nzima na afisa wake na mashine yake. Na sekunde hizo zinapatikana kwa mambo madogo: watu kuomba viza kabla ya safari, kalamu kuwepo pale mtu anapojazia fomu, mtu mmoja kupita kwenye mstari akiangalia kama kila mtu ameshika pasipoti wazi kwenye ukurasa wake.

Hapo tumetumia kalamu tu, kwa sababu nimejifanya kila mtu anatumia muda sawa. Ukweli sivyo. Mmoja ni sekunde 30, mwingine dakika sita kwa kuwa vidole vyake vimekauka na mashine haivisomi. Ukishaingiza utofauti huo, kalamu inashindwa, ndipo kompyuta inapoanza kazi.

#4 DadaWaNjiro

Nimefanya kazi kaunta za kuchekini miaka kadhaa, uwanja sitautaja. Mnazungumzia wanaoingia tu, wanaoondoka wana yao. Kundi la mlimani likija kurudi kwao, watu kumi na wawili wanaingia kwa basi moja kwa wakati mmoja. Wa kwanza begi limezidi kilo. Anafungua begi sakafuni mbele ya kaunta, anatoa mabuti anamvalisha mwenzake, anahamisha vinyago, anapima tena. Fimbo za kutembelea mlimani ziko kwenye begi la mkononi, hazitapita ukaguzi, anarudi kuziweka kwenye begi kubwa. Nyuma yake mama ana mtoto mgongoni na begi moja dogo, anasubiri tu.

Tuliwahi kuweka mzani mdogo pembeni, mbali na kaunta, mtu ajipimie na kupanga mabegi kabla hajafika kwetu. Haukuwa mradi, ilikuwa akili ya msimamizi wetu wa zamu. Siku ileile tuliona tofauti.

#5 HesabuZaMeru

Dada, hapo umenipa kitu ambacho nisingekipata vitabuni. Kwenye mfano wa kompyuta, yaani ule uwanja tunaouiga ndani ya mashine, mtu wa kawaida angeandika "kuchekini, wastani dakika 2" akaendelea. Wewe unasema kuna watu wa aina mbili kabisa, na wa aina ya pili wanakuja kwa kundi. Ukiwachanganya kwenye wastani mmoja, mfano unakudanganya. Na mzani wa pembeni ni kuhamisha kazi kutoka mahali penye msongamano kwenda mahali penye nafasi. Naomba ukipata muda utuandikie zaidi.

#6 MzeeWaKibosho

Vijana, nawasoma kwa furaha. Mimi nilikuwa kijana KIA ilipofunguliwa, tulitoka Moshi kwenda kuangalia ndege tu. Ninalotaka kuelewa: husikia uwanja una uwezo wa abiria kadhaa kwa mwaka. Sasa kama abiria hawajafikia idadi hiyo, foleni inatoka wapi?

#7 HesabuZaMeru

Shikamoo mzee wangu.

Tuchukue uwanja wowote wa abiria milioni moja kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365, unapata 2,740 hivi kwa siku. Gawanya kwa saa 24, ni kama 114 kwa saa. Ukumbi wa kawaida unawabeba bila kutokwa jasho. Lakini hakuna ndege inayojali mgawanyo huo. Huku kwetu wageni wanafurika kuanzia Juni hadi Oktoba, wanapungua mvua za masika, wanarudi Desemba. Ndani ya siku nako kuna saa ambazo ndege zinafuatana na saa ambazo paka anaweza kulala katikati ya ukumbi. Namba ya mwaka haisemi chochote kuhusu saa 2 usiku ya Jumamosi ya Agosti. Wapangaji wa viwanja huangalia saa ya pilikapilika, na ndani ya saa hiyo huangalia hata dakika kumi kumi.

Kuna kanuni moja fupi, mzee, aliithibitisha Mmarekani John Little mwaka 1961: idadi ya watu walio ndani ni sawa na kasi ya wanaoingia mara muda kila mmoja anaokaa. Wakiingia 6 kwa dakika na kila mmoja akikaa dakika 20, ukumbini watakuwepo 120. Wakikaa dakika 10, ni 60. Kwa hiyo ukifupisha muda, umepanua jengo bila saruji. Ndiyo maana nasema tuhesabu muda kwanza.

#8 MzeeWaKibosho

Marahaba mwanangu. Nimeelewa vizuri. Ni kama sokoni siku ya gulio na siku ya kawaida, uwanja ni uleule.

#9 HesabuZaMeru

Ndiyo hiyo mzee.

Niseme sasa kwa nini jambo hili liko moyoni mwangu, maana si hesabu peke yake.

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza mama yangu kwenye matibabu nje ya nchi. Uwanja mmoja tuliopita, siutaji jina, abiria wa ndege nne walielekezwa kwenye mashine moja ya ukaguzi. Mashine nyingine mbili zilikuwepo, zimefungwa kamba. Mama ana miaka 71 na magoti yake ni mabovu. Alianza kwa kushika mkono wangu, baadaye akaegemea nguzo, mwishoni akakaa juu ya begi letu la mkononi, na kila foleni ikisogea hatua mbili nilimwinua, nikalisogeza begi, nikamketisha tena. Alivua viatu kabla hatujafika kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Ndege yetu iliondoka tukiwa tunaiona kupitia kioo.

Nina hakika takwimu za mwezi za uwanja ule zilionekana nzuri. Kwa wastani wa mchana mzima, pengine mtu alisubiri dakika chache tu. Wastani haukumwona mama. Ndiyo maana nikiunda mfano, swali langu la kwanza si wastani ni ngapi. Nauliza: katika jioni mia moja, zile kumi mbaya kabisa, mtu wa mwisho alisimama kwa muda gani? Hapo ndipo alipo mama yangu. Kalamu na wastani havifiki huko, uigaji unafika.

Na tazameni jinsi hali inavyoharibika ghafla. Kaunta moja, kila mtu dakika moja kwa wastani, watu wanafika bila mpangilio na huduma nazo zinatofautiana vivyo hivyo. Kaunta ikiwa na kazi asilimia 80 ya muda wake, mtu anasubiri wastani wa dakika 4. Ikifika asilimia 90, dakika 9. Asilimia 95, dakika 19. Meneja anayejisifu kwamba watumishi wake hawakai bure hata dakika moja ndiye anayewasimamisha watu hadi miguu inavimba. Nafasi kidogo ya kupumua kwenye kaunta si uvivu. Inalinda watu.

#10 GuideMachame

Kwetu mlimani ni hivyohivyo. Asubuhi getini mizigo ya wapagazi inapimwa, isizidi kilo 20 kila mmoja. Makampuni yote yanafika saa ileile, kila kundi na wapagazi wake. Saa moja baadaye mzani hauna mtu. Tukiachana hata kwa nusu saa kila mtu angepanda mapema. Nitalipeleka kwa wenzangu.

#11 Mwanachuo_Ufundi

Kaka HesabuZaMeru, nasoma mwaka wa pili hapa Arusha na kompyuta yangu ni ya kawaida sana. Naanzia wapi? Programu hizi si za gharama kubwa?

#12 HesabuZaMeru

Mdogo wangu, kompyuta yako inatosha. Zipo programu za kibiashara zenye picha za watu wanaotembea ukumbini, na leseni zake ni ghali. Lakini kama unajua kidogo lugha ya kompyuta ya Python, kuna maktaba (mkusanyiko wa programu zilizoandikwa tayari) inaitwa SimPy, ni bure, na foleni ya kaunta sita unaiandika kwa mistari isiyozidi hamsini. Ukitaka kuona watu wakitembea, wakikwepana na kubanana mlangoni, tazama JuPedSim au Vadere, nazo ni bure na watafiti wanazitumia.

Ujue pia fani hii ilikotoka, inatia moyo. Hesabu za foleni zilianzia kwenye simu: Agner Krarup Erlang, Mdenmark aliyefanya kazi kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha andiko lake la kwanza 1909. Miaka ya 1960 Wanorwe wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, waliunda lugha ya kompyuta iliyoitwa Simula ili kuiga mifumo ya namna hii, na lugha nyingi unazofundishwa leo zimerithi mawazo yao. Upande wa watembea kwa miguu, mwaka 1995 Dirk Helbing na Péter Molnár waliandika mfano unaomchukulia kila mtu kama anayevutwa na anakokwenda na kusukumwa mbali na wengine na kuta. Mwaka 2000 Helbing na wenzake wakaonyesha kwamba watu wakisukumana kuharakia mlangoni, wanatoka polepole zaidi. Hilo si la foleni tu, ni la uhai wa watu moto ukitokea.

Ushauri wangu: usianze na kompyuta. Anza na daftari. Nenda kwenye foleni yoyote, benki, zahanati, popote unaporuhusiwa, andika dakika kila mtu alipofika, alipoanza kuhudumiwa, alipoondoka. Saa mbili za kuhesabu zitakufundisha kuliko wiki ya kuandika programu. Uwanjani pia usijipenyeze sehemu zenye ulinzi ukaandika mambo. Kaa pale wanapokaa wapokeaji, au omba kibali.

Halafu kabla hujauliza mfano wako "tukiongeza kaunta itakuwaje", uulize kwanza kuhusu jana. Ukishindwa kukurudishia foleni ya jana ilivyokuwa, hauna haki ya kukuambia ya kesho. Mfano wangu wa kwanza ulinionyesha wageni wakitoka mlangoni mmoja mmoja kwa mtiririko mzuri. Nilijua umekosea kwa sababu nilikuwa nimesimama pale na kuona mikupuo. Nilikuwa nimesahau matela.

#13 MtuWaSakina

Nakubali nimejifunza, hasa ile ya sekunde 15. Ila nina shaka moja ya kweli. Mfano unajua kaunta sita. Je, unajua kwamba mmoja wa maafisa sita amechelewa kwa sababu daladala imeharibika Kikatiti? Mambo yanayotuangusha siyo hayo mnayoandika.

#14 HesabuZaMeru

Kaka, hiyo ni shaka ya mtu anayejua maisha, na wakubwa wamewahi kujikwaa hapohapo. Heathrow, London, walifungua jengo la abiria namba 5 tarehe 27 Machi 2008. Jengo la kifahari, majaribio yalifanywa na maelfu ya watu wa kujitolea kabla ya kufungua. Siku yenyewe wafanyakazi wengine walihangaika kutafuta maegesho, wengine wakachelewa kufika sehemu zao, mfumo wa mizigo ukaleta matatizo, mabegi yakalundikana kwa maelfu na safari zikafutwa. Kuta hazikuwa na kosa.

Kwa hiyo jibu si kuacha kuiga, ni kumwingiza afisa aliyechelewa ndani ya mfano. Unaiambia kompyuta: jioni moja kati ya kumi, kaunta moja ifunguke nusu saa baadaye. Jioni moja kati ya ishirini, umeme ukatike na mashine ziwake upya. Halafu unatazama mpangilio gani unavumilia. Mara nyingi mpangilio unaoshinda siku nzuri siyo unaovumilia siku mbaya. Mfano mmojawapo: foleni moja inayojikunja kama nyoka na kulisha kaunta zote, dhidi ya foleni sita, kila moja na kaunta yake. Kaunta moja ikikwama, kwenye nyoka kila mtu anachelewa kidogo. Kwenye foleni sita, walio nyuma ya kaunta iliyokwama wanabeba adhabu yote wenyewe.

Na sababu ya kujiandaa tunayo. AFCON 2027 tumepewa sisi, Kenya na Uganda, na uwanja wa mpira unajengwa hapa Arusha. Mashabiki hawaji mmoja mmoja. Wanakuja ndege nzima wakiimba, na baada ya mechi wote wanataka kuondoka usiku uleule. Vijana wa vyuo vya hapa wangepewa ratiba na kibali cha kuhesabu, wangeandaa mfano wa jioni hizo kabla hazijafika.

#15 DadaWaNjiro

Nitachangia muda wa kazi za kaunta kutoka kumbukumbu zangu, bila kutaja mahali wala mtu. Nimeanza kuandika: begi moja, mabegi mawili, kundi, mwenye mtoto, mwenye kiti cha magurudumu. Huyo wa mwisho msimsahau, anahitaji mtu wa kumsukuma, na mtu huyo akiwa mmoja kwa ndege mbili, naye ni foleni.

#16 HesabuZaMeru

Dada, ubarikiwe. Wa kiti cha magurudumu sikuwa nimemuweka. Namuweka usiku huu.

#17 DerevaUsaRiver

Mimi ndiye yule shemeji. Nimejiunga humu kwa ajili ya uzi huu.

Shem amenitengenezea karatasi moja, nimeibandika juu ya dashibodi. Haisemi "watatoka saa fulani". Ina safu tatu: mapema kabisa, kwa kawaida, na ukikuta siku mbaya. Wageni wenye viza ya mtandaoni na begi la mkononi mstari wake, wapanda mlima mstari wao, ndege ikifuatwa na nyingine ndani ya nusu saa mstari wake. Wiki iliyopita familia ya pili ilitoka kati ya kawaida na siku mbaya, na mimi nilikuwa nimeshawapeleka wa kwanza kula Usa River na kurudi. Mtoto wao mdogo alikuwa amelala begani kwa baba yake.

Madereva wenzangu wanne wameomba karatasi. Nimewaambia sharti ni daftari: kila usiku waandike ndege ilipotua, mgeni wa kwanza alipotoka, na wa mwisho. Watatu wameshaanza.